Ua wa ojuok: uchambuzi wa kisa kimoja cha Seme

Mtoto wa miaka sita wa Seme, kaunti ya Kisumu, alivimba shavu la kushoto katikati ya mvua ya masika. Mama yake alidhani ni jino. Daktari wa meno aliyemwona mwanzo naye alidhani ni jino, maana magego mawili yalikuwa yakicheza, akayang'oa. Wiki iliyofuata shavu lilikuwa limezidi, na jicho la upande ule limeanza kusukumwa kwenda juu. Ndipo wakapanda matatu hadi Kisumu mjini. Kipande cha uvimbe kikakatwa, kikapimwa, na jibu likaja: limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu.

Kuhusu tiba sina mengi, kwa sababu ilikwenda inavyotakiwa. Saratani hii hukua haraka kuliko karibu nyingine zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyo ndiyo inayoifanya isikie dawa, na ndiyo inayozifanya siku za mwanzo za dawa kuwa za hatari, kwani seli zikifa kwa mkupuo humwaga uchafu wake kwenye damu na kuzielemea figo. Mtoto alitundikiwa maji na kupewa alopurinoli, dawa ya kuzikinga figo na uchafu huo, kwanza, kisha dawa za saratani zenyewe, kemo, zikafuata. Baada ya mzunguko wa kwanza shavu lilikuwa limenywea. Alimaliza dawa, akarudi shule.

Ninachotaka kukichambua kilitokea nyumbani, mtoto akiwa bado wodini.

Boma lao limezungushiwa mnyaa, ule mmea wa vijiti vya kijani ambao Waluo huuita ojuok. Ukivunja kijiti chake, utomvu mweupe unachuruzika papo hapo. Nyua za namna hii zimejaa kando ya ziwa kwa sababu za kueleweka: hazigharimu kitu, hazisumbuliwi na kiangazi, mifugo haizigusi, na kijiti ukikichomeka ardhini kinaota chenyewe. (Melvin Calvin, mwanakemia wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1961, aliwahi kupendekeza mmea huuhuu ulimwe ili utomvu wake utengenezwe mafuta ya magari. Huku kwetu umebaki kuzuia mbuzi.)

Baba mdogo wa mtoto alisikia redioni kwamba ojuok unaleta kansa ya taya. Kesho yake akashika panga, akaanza kuufyeka ua upande wa jikoni. Hakufika mbali. Utomvu ulimrukia machoni, akaanguka chini akipiga kelele kwamba haoni, na jirani mmoja akakimbilia kumiminia maziwa. Kwenye zahanati waliyaosha macho kwa maji mengi. Yakapona baada ya siku kadhaa. Babu wa mtoto, ambaye baba yake ndiye aliyeupanda ua ule, alighadhibika. Macho ya mwanawe yalimuuma, lakini lililomuuma zaidi ni kwamba boma lilibaki wazi na wapita njia wakaanza kunong'ona kuwa nyumba ile imemlisha mtoto sumu. Mama wa mtoto, kwa upande wake, akaapa kwamba mwanawe hatalala tena ndani ya ua ule. Hapo ndipo walipomwita mtafiti. Hawakumwita aje kufundisha baiolojia. Walitaka aje aamue ugomvi.

Mtafiti aliyeitwa

Ni mama wa makamo, mzaliwa wa lokesheni ya jirani, na kazi yake yote imekuwa baiolojia ya saratani na toksikolojia ya molekuli. Jina lake siliandiki, wala la familia. Njia aliyopitia naieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu bila hiyo jibu alilotoa halieleweki.

Alianza na aflatoksini, sumu ya kuvu ya mahindi na njugu. Wakenya wengi wanaikumbuka kwa mkasa wa mwaka 2004, ambapo wagonjwa 317 walirekodiwa na 125 kati yao wakafa, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Hiyo ilikuwa sumu ya kuua upesi. Yeye aliisoma ile inayoua polepole. Aflatoksini B1 yenyewe haina uwezo wa kushika DNA. Ikifika kwenye ini, vimeng'enya vya ini huishughulikia ili itolewe mwilini, na katika shughuli hiyo huigeuza kuwa epoksidi, kitu chenye pupa ya kunata. Epoksidi hiyo hunata kwenye guanini, moja ya herufi nne za DNA, na seli inapoinakili DNA iliyonatwa, G inaweza kuandikwa T. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti, moja likipima uvimbe wa ini kutoka Qidong nchini China na jingine kutoka kusini mwa Afrika, yalikuta kosa hilohilo mahali palepale, kodoni ya 249 ya jeni ya TP53, jeni ambayo kazi yake ni kuzuia saratani. Zaidi ya hayo, mabaki ya sumu hiyo hunata pia kwenye albumini, protini ya damu, kiasi kwamba sampuli ndogo ya damu inaweza kukuonyesha mtu amekula sumu kiasi gani kwa miezi miwili mitatu iliyopita.

Huko ndiko alikolelewa kitaaluma. Mkosaji anashika DNA, anaacha alama, na alama inapimwa kwa mashine. Ukikosa alama, huna kesi.

Aliporudi Kenya, ufadhili uliokuwepo upande wa ziwa ulikuwa wa limfoma ya Burkitt, na haishangazi. Ugonjwa huu ulianza kuelezwa na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, katika makala yake ya mwaka 1958. Mwaka 1961 alizunguka Afrika mashariki na kusini kwa gari kuukuu akiuliza hospitali moja hadi nyingine kama wanawaona watoto wenye taya zilizovimba, na akagundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua: mahali penye baridi au ukame, haupo. Mwaka huohuo mhadhara wake wa London ulisikilizwa na Anthony Epstein, na kufikia 1964 Epstein, Achong na Barr walikuwa wamekiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Mwaka 1964 pia, Gilbert Dalldorf na wenzake, wakitumia takwimu za Kenya, walisema ramani ya ugonjwa inafanana na ramani ya malaria.

Kisumu na Nandi zimekuwa mizani ya jambo hili kwa miaka mingi. Ni majirani, lakini bondeni malaria haikatiki na juu mlimani ni chache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuata watoto wachanga wa pande zote mbili: Kisumu, zaidi ya theluthi moja walikuwa tayari wameambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kabla ya kutimiza miezi sita, Nandi, kama mmoja kati ya wanane. Malaria nayo huzifanyisha kazi bila kupumzika seli B, yaani chembe za damu zinazotengeneza kingamwili, na ndani ya seli hizo kuna kimeng'enya kiitwacho AID, ambacho kazi yake halali ni kukatakata na kubadilisha jeni za kingamwili ili mwili ujifunze kupambana. Kikifanyishwa kazi kupita kiasi kinaweza kukata pasipostahili. Kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kinahamia kwenye kromosomu ya 14, karibu na jeni ya kingamwili isiyozimwa kamwe katika seli B, na MYC inaanza kuamuru seli igawanyike bila kikomo. Kirusi kinaisaidia seli hiyo isife.

Hii ni hadithi nzuri, na kila kipande chake kinapimika. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka kirusi hicho katika kundi la kwanza la visababishi mwaka 1997, na mwaka 2012 likaiweka malaria ya maeneo ambako haikatiki katika kundi la 2A, la vinavyoelekea kuwa visababishi. Mtafiti wetu alifanya kazi hiyo vizuri, akachapisha, akafundisha vijana. Ua wa ojuok haukuwahi kuingia kwenye ombi lake lolote la ufadhili.

Mashtaka dhidi ya ua

Redio haikubuni. Madai haya yana historia, tena yenye heshima zake.

Katika miaka ya 1940 Isaac Berenblum na wenzake walipaka ngozi za panya kiasi kidogo cha kemikali ya saratani, kiasi kisichotosha kuleta uvimbe. Kisha wakapaka tena na tena mafuta ya krotoni, mmea wa ukoo mmoja na mnyaa. Mafuta peke yake hayakufanya kitu cha kutajika, lakini yalipokuja baada ya ile kemikali uvimbe ulichipuka. Kwa hiyo kuna kianzishi na kuna kichochezi. Kiini cha mafuta hayo kilikuja kujulikana kuwa esta za foboli, na mwaka 1982 ikaonyeshwa kwamba esta hizo hujifanya ujumbe wa seli yenyewe: zinaishika kinasi ya protini C, kimeng'enya cha kupitisha ujumbe ndani ya seli, na kuiwasha. Haziigusi DNA hata kidogo. Ni kama mtu anayepiga kengele ya shule usiku wa manane: mlango haukuvunjwa, hakuna alama ya kidole, lakini bweni zima limeamka.

Mwaka 1978 Harald zur Hausen na wenzake walionyesha kwamba esta ya foboli inakiamsha kirusi cha Epstein-Barr kilicholala ndani ya seli. Wajapani wakaichukua hoja hiyo wakaileta kwenye mimea. Mwaka 1983, katika makala iliyoandikwa pamoja na John Kokwaro, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza kwamba dondoo za mimea ya ukoo huu kutoka China na Afrika zinakipa kirusi nguvu zaidi ya kuzigeuza seli. Mwaka 1991, katika jarida la Lancet, kundi la Japani likaripoti seli B zilizowekewa kirusi na dondoo ya mnyaa zikionyesha kuhama kwa kromosomu na kuwaka kwa MYC. Utafiti wa Malawi wa mwaka 1993 ukasema mimea ya aina hii inaonekana zaidi karibu na nyumba za watoto wagonjwa. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani na wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, Kisumu wakapima utomvu wenyewe: hata ukichanganywa sehemu moja kwa milioni, ulikiamsha kirusi ndani ya seli za maabara.

Mtu akiyasoma hayo bila kupumzika, naye atashika panga.

Sasa tuyapime. Karibu kila kitu hapo kilifanyika ndani ya sahani ya maabara, mahali ambapo seli B haina ngozi ya kuilinda wala ini la kuisafishia. Utomvu ulioganda kwenye kiganja cha mtoto unafika vipi kwenye tezi za koo lake, na kwa kiasi gani? Halafu kuna Ukambani na Kenya ya kati, ambako mnyaa umekuwa ua wa maboma na mashamba tangu zamani, lakini malaria ni chache na ugonjwa wa Burkitt ni nadra. Ua bila malaria hauleti taya kuvimba kwa idadi ya kuonekana. Hilo linaondoa uwezekano kwamba ua ndio chanzo. Haliondoi uwezekano kwamba unaongeza pale ambapo malaria na kirusi vimeshatangulia, na kwa kichochezi hilo ndilo swali hasa.

Utafiti wa nyumba kwa nyumba nao una mtego, na mtego huo ulijitokeza katika kikao cha familia hii, bila mtu kuutafuta. Mtafiti alipouliza kama mtoto alikuwa akicheza na utomvu, bibi yake alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, mimi ndiye nilimpaka. Jino lilipoanza kucheza nilimtia tone moja kwenye fizi. Sisi tulipakwa hivyohivyo."

Huo ni uzoefu wa zamani katika sehemu nyingi. Utomvu wa mnyaa hutumiwa kwa maumivu ya meno na kwa sugu. Fikiria sasa mtafiti mwenye dodoso. Anawauliza mama wa watoto wagonjwa, "Mtoto aliwahi kupakwa ojuok mdomoni?" Wengi wanaitikia. Anawauliza mama wa watoto wazima, wachache wanaitikia. Anarudi na uhusiano mkubwa, na uhusiano huo ni wa kweli kabisa, ila unaenda kinyume: taya ndilo lililomwita utomvu. Uvimbe ulikuwapo wiki kadhaa kabla ya tone la bibi. Kwa maoni yangu sentensi ile ya bibi ina thamani kuliko nusu ya makala zilizoandikwa kuhusu mmea huu, na nasikitika kwamba haina mahali pa kuandikwa kwenye dodoso la kawaida.

Alichowaambia

Mzee ndiye aliyeanza. "Mwanangu, baba yangu aliupanda ua huu. Nimezaliwa humu na ndugu zangu wote. Mbona sisi hatukuugua?"

"Mzee, mliugua malaria wote, na wengine wenu hamkufa," mtafiti akajibu. "Kupona kwa mtu hakumaanishi kitu hakina madhara."

"Kwa hiyo unasema ua ndio?" mama wa mtoto akadakia.

"Hapana, mama. Nasema hakuna ushahidi kwamba ua ndio uliomwuguza."

Akawaeleza habari za malaria na kirusi, akamwambia bibi kwamba tone lake halikuleta uvimbe kwa sababu uvimbe ulishakuwapo. Akawasisitizia chandarua. Akaondoka. Mzee alisikia kwamba ua hauna kosa; mama wa mtoto alisikia kwamba daktari amemshindwa mzee. Wiki hiyohiyo mama alihamia kwao na mtoto.

Alivyomjibu bibi ninamsifu bila kusita. Mwanamke yule angebeba lawama hadi kaburini, na jibu alilopewa lilikuwa la huruma na la kweli kwa wakati mmoja. Kuhusu lile jibu kuu natofautiana naye, na nimemwambia.

"Hakuna ushahidi" ni kauli ya mtu aliyefunzwa na aflatoksini. Kwa sumu inayoshika DNA, kukosa alama kuna uzito, kwa sababu alama ingekuwapo. Siku hizi uvimbe wa Burkitt wenye kirusi unasomwa herufi kwa herufi, na nyayo za AID zinaonekana wazi ndani yake. Nyayo za ojuok hazionekani. Lakini kichochezi hakitarajiwi kuacha nyayo. Hakuna kipimo cha damu cha utomvu wa mnyaa kinachofanana na kile cha aflatoksini kwenye albumini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua mtoto yupi alipata kiasi gani. Sayansi haikuutafuta ua ikaukosa. Ilikwenda palipokuwa na vipimo, na kazi yake mtafiti mwenyewe ni mfano mzuri. Alikuwa na friza iliyojaa damu ya watoto wa ukanda huuhuu, na hakuna hata mrija mmoja ambao ungeweza kumjibu mzee.

La pili ni la vitendo zaidi. Familia haikuhitaji hukumu ya chanzo ili ijue la kufanya na ua. Katika kisa chote hiki kuna dhara moja tu la utomvu ambalo daktari yeyote angelithibitisha, nalo ni macho ya baba mdogo. Yalidhurika kwa sababu aliukata ua kwa hofu, bila miwani wala glavu, akiinamia vijiti vinavyorusha maziwa. Alichokata akakiacha chini, na mnyaa uliokatwa huota tena mahali ulipoanguka. Ushauri ulikuwa mwepesi kutoa: usiwape watoto utomvu wauchezee, usiutie mdomoni wala jichoni, ukitaka kuuondoa ukate siku ya utulivu ukiwa umejikinga macho na mikono, zoa vijiti vyote, na usivichome karibu na nyumba. Mzee angeubakiza ua wake wa mbele, mama angepata upande wa jikoni uliosafishwa, na hakuna ambaye angehitaji kushindwa.

Aliponisikiliza alinipinga kwa jambo moja ambalo sina jibu lake. Alisema ukimwambia mama wa mtoto mgonjwa "jikinge na utomvu", atasikia "utomvu ndio", utakavyojitahidi kueleza. Chandarua kitasahaulika. Pesa za chandarua zitanunua seng'enge. Na kwa kiwango cha ushahidi tulicho nacho, malaria inapaswa kubeba sehemu kubwa ya wasiwasi wa nyumba ile.

Tangu hapo ameanza kuandika ombi la ufadhili ambalo hakuwahi kuliandika. Anataka kuosha mikono na kusuuza midomo ya watoto wa bondeni, kutafuta esta za mnyaa kwa kipimo cha uzito wa molekuli, na kupima kwa wakati huohuo kirusi kwenye mate yao, akiwa na watoto wazima tu, ili ugonjwa usije ukawa ndio umeuita utomvu. Kama kirusi kinaamka zaidi kwa watoto wenye esta mikononi, hata baada ya kuhesabu malaria, basi swali la mzee lina maana mpya. Kama hakiamki, ua utakuwa umejitetea vizuri kuliko wakati wowote tangu 1983.

Kikwazo chake kikubwa kwa sasa ni kundi la kulinganishia. Seme na vitongoji vyake, boma lisilo na ojuok ni lenye seng'enge au ukuta wa mawe, na lenye ukuta wa mawe lina chandarua kwa kila kitanda, wavu madirishani na pikipiki ya kumkimbiza mtoto hospitalini homa inapopanda. Ukilinganisha maboma hayo na yale ya ojuok, utakuwa umepima utajiri. Anafikiria kulinganisha watoto wa boma moja: wale wanaochunga mbuzi na kushinda wakivunja vijiti, na ndugu zao wadogo ambao bado hawajaruhusiwa kutoka uani.